Makaa ya Magunzi na Kofia ya Wekesa

Nyinyi mliobaki pale maabara mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi, tena mmeomba kwa heshima nyingi hadi nikashuku. Nilipokuwa nanyi hamkunisikiliza hata wakati wa chai. Leo nimestaafu, niko kwangu Kimilili, jembe mkononi na matope hadi magotini, ndipo mnakumbuka kwamba mzee alikuwa na maneno. Haya, ketini. Habari za vyeo sitawapa, hazina utamu. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba niliingia kazini na vidole kumi na macho mawili, na nimetoka na vidole kumi na macho mawili. Kwa mtu aliyeshinda miaka yote hiyo kati ya vioo, zebaki na moto, hilo si jambo dogo. Kila asubuhi namshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na mke wangu ananiambia Mungu si kiziwi.

Nilifika Kitale katika miaka ya ishirini, reli ikiwa bado ngeni, watu wakitoka kanisani Jumapili wanapitia stesheni kulitazama gari la moshi. Nilidhani nitaandikwa kuchunga ng'ombe. Badala yake nilipelekwa kwenye chumba chenye meza ndefu, nikapewa ndoo, brashi na chupa. Wenye mashamba walikuwa wanaleta maji ya majosho yao yapimwe dawa. Dawa ikizidi, ng'ombe anaungua ngozi. Ikipungua, kupe wanaoga na kwenda zao wakiwa safi. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa zilizoleta maji hayo. Sumu tupu, nami mshamba wa watu nikaosha huku naimba.

Siku hiyo hiyo ya kwanza nilichukua chupa nikaipeleka puani nijue kama imetakata. Kofi likatua mkononi.

"We kijana! Uko na pua ngapi?"

"Moja."

"Basi itunze. Mimi natengeneza chupa. Pua siwezi tengeneza."

Huyo alikuwa Fundi Lalji, Mhindi mwembamba aliyekuwa fundi wetu wa vioo. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache tu, lakini mbele ya moto alikuwa mzee wa siku nyingi. Alishika mrija wa kioo kwa ncha za vidole, akauzungusha juu ya moto hadi ukalegea kama ugali wa maji, kisha akaupinda apendavyo. Alinifundisha namna ya kunusa. Unaiweka chupa mbali kidogo, unapunga hewa yake kwa kiganja ije polepole. "Ita harufu ije kwako," akasema. "Wewe usiende kwake." Alinifundisha pia kwamba kioo cha moto na kioo baridi vina sura moja. Hilo la pili alinifundisha kwa mdomo, nikalisahau, nikafundishwa tena na kioo chenyewe.

Miaka michache baadaye ndugu yangu mdogo, Wekesa, alinifuata Kitale. Alizaliwa wakati wa mavuno na mimi nikazaliwa wakati wa kiangazi, ndiyo maana yeye ni Wekesa na mimi ni Simiyu, na ndiyo maana yeye anacheka kutwa na mimi nanung'unika. Tulikaa chumba kimoja kwenye landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Sasa, Wekesa anakoroma. Mnajua kukoroma? Hamjui. Tulipokuwa watoto nilimlilia mama ampeleke akalale na mbuzi. Mama akaniuliza mbuzi wamemkosea nini. Kwa hiyo alipopata kazi Bungoma, kwenye ghala la mahindi karibu na stesheni ya reli, nilimsindikiza kwa moyo mweupe kabisa. Usiku ule nililala usingizi wa kwanza wa maana tangu aje mjini, na nilijisikia vizuri bila aibu yoyote.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, tuliletewa mkemia mpya, mzungu mrefu ambaye sisi sote tulimwita Daktari. Alikuwa mpole, anaongea Kiswahili cha vitabu, na kila siku alisahau chai yake hadi ikapoa. Alikuja na michoro ya chombo ambacho Fundi Lalji alikitazama, akakuna kichwa, akasema, "Hii si mashini bana, hii ni mti wa kioo." Walikijenga pamoja, kikasimama ukutani, mirija na koki na matumbo ya kioo kutoka upande huu hadi upande ule, na pampu chini ikinyonya hewa yote kutoka ndani. Watu wa ofisi nyingine walikuja kutazama wakiwa wameshika mikono yao nyuma, na ni vizuri walivyofanya.

Siku ya kwanza Daktari aliniita. "Simiyu, ukitaka kujua ukubwa wa ukuta wa nyumba, na huna kamba ya kupimia, utafanyaje?"

Nikamwambia nitamuuliza mama ametumia vikapu vingapi vya samadi kuusiriba.

Alicheka hadi akakaa. "Vizuri sana. Sisi tutausiriba kwa hewa."

Ndivyo ilivyo. Unachukua unga wa kitu, kiwe udongo, kiwe majivu, kiwe makaa, unaupima uzito na kuutia kwenye tumbo dogo la kioo. Unaupoza sana, kwa baridi ambayo hakuna theluji ya mlima wowote inayoikaribia. Kisha unaufungulia naitrojeni kidogo kidogo, ile ile iliyo nyingi katika hewa tunayovuta. Kwa baridi ile gesi inachoka, inatulia juu ya ngozi ya unga, inausiriba wote, nje na ndani ya kila kitundu. Unatazama zebaki kwenye mrija, unajua ni gesi kiasi gani imepotea. Iliyopotea iko ukutani. Kutoka hapo ni hesabu tu, na mwisho unapata eneo. Nilipoambiwa kwamba kijiko kimoja cha makaa mazuri kina ngozi ya kutandaza karibu nusu eka, nilikwenda nyumbani nikakitazama kijiko cha sukari kwa muda mrefu. Mke wangu alidhani nimegombana na mtu.

Lakini kabla ya kuusiriba ukuta lazima uufagie. Unga ule una mambo yake ndani: unyevu, vumbi la hewa, harufu za watu. Kwa hiyo kwanza tunaupasha moto huku pampu ikinyonya, saa baada ya saa, mpaka vyote vilivyojificha vitoke. Njiani kuelekea pampu kuna mrija uliopindwa, nao unakaa ndani ya baridi, tuliuita mtego. Kila mvuke unaotoka kwenye unga unanaswa pale, unaganda, usiende kuharibu mafuta ya pampu. Shikeni hapo kwenye kufagia, na kwenye mtego, maana nitarudi.

Baridi yenyewe ilitoka Nairobi kwa gari la moshi. Ilikuwa hewa iliyopozwa hadi ikawa maji, imetiwa kwenye chupa kubwa kama ile ya chai, nayo inachemka muda wote kwa sababu kwake hata Kitale ya Julai ni jehanamu. Mdomo wa chupa unawekwa kifuniko kilicholegea ipumue. Siku moja nilifika stesheni nikamkuta mchukuzi mwema sana ameona mvuke unatoka, akaokoa mali ya serikali: ameshindilia kifuniko kwa kitambaa, amekifunga kwa kamba, tena ameikalia. "Ilikuwa inachemka ati," akaniambia, "ikitaka kumwagika." Nilimwomba ainuke taratibu. Nikafungua kamba nikiwa nimegeuza uso, ikapiga mluzi, ikatulia. Yule mchukuzi aliniuliza kuna nini ndani. Nilimwambia hewa. Hakunisalimia tena hadi mwaka ule ukaisha.

Sasa niwaambie ile kesi iliyonifanya niandike.

Ghala la Bungoma lilikuwa linapokea mahindi kutoka kila upande, na fukusi nao walikuwa wanapokelewa humo humo. Walianza kuwaua kwa gesi. Magunia yanapangwa, yanafunikwa kwa turubai, gesi inaingizwa chini yake, ghala linafungwa. Baada ya siku kadhaa mtu lazima aingie kuvuta turubai na kufungua madirisha. Gesi yenyewe haina rangi, haina harufu, na haitofautishi fukusi na binadamu. Anayeingia huvaa barakoa yenye mkebe mbele ya mdomo, na mkebe umejaa makaa, na makaa yanainasa gesi kabla haijafika kifuani. Mmoja wa waliochaguliwa kuingia alikuwa Wekesa. Alinieleza akija Kitale kututembelea, akicheka kama kawaida. "Nyapara wetu ametuwekea msumari nje ya mlango," akasema. "Ukiingia unatundika kofia. Ukitoka unachukua. Ikibaki, wanajua nani wa kuliliwa." Mke wangu alimfukuza mezani kwa maneno hayo.

Mwaka mmoja mikebe mipya ikachelewa melini, na ya zamani ilikuwa imekwisha nguvu. Daktari akasema Kitale yetu ina milima ya magunzi baada ya kupukuchua mahindi, kwa nini tusijitengenezee makaa? Kwamba makaa yanakula harufu si habari ngeni huku kwetu. Majirani zetu wa Mlima Elgon wanasugua vibuyu vya maziwa kwa mkaa tangu zamani. Tulichoma magunzi ndani ya pipa lililofungwa, kisha tukapitisha mvuke wa maji makaa yakiwa bado mekundu kwa moto, maana mvuke ndio unaofungua vitundu. Kila mpiko ulipotoka tanurini nilipima. Mipiko ya kwanza ilikuwa hovyo. Tukabadilisha moto, tukabadilisha muda, hadi siku moja zebaki ikashuka namna ambayo Daktari alikumbuka kunywa chai yake. Makaa yetu yalikuwa mazuri kama ya ng'ambo.

Ilikuwa msimu wa mvua kubwa, na kila mtu alikuwa na wasiwasi mmoja tu, makaa yasiloe. Tulikubaliana sote, mimi, Fundi, Daktari na mtunza stoo wetu Ezekieli, kwamba magunia yakae stoo ya matrekta, chumba pekee ambacho paa lake halikuvuja. Yakakaa humo majuma kadhaa, makavu kabisa. Kisha tukajaza mikebe. Daktari, mtu wa kuhakikisha, akataka nipime mara moja zaidi kutoka kwenye magunia yale yale. Nikapima. Namba ikatoka nzuri, ndugu zangu, nzuri kama siku ya tanuri. Mchana huo lori likaondoka na mikebe kwenda Bungoma, ghala lifunguliwe kesho yake. Nililala kama mtoto.

Asubuhi nikawa nasafisha chombo. Niliutoa mtego kwenye baridi nikauacha mezani upate joto. Kwa kawaida chini yake huonekana tone la maji, basi. Safari hii niliona maji mengi kuliko kawaida, na juu yake kitu kinachoelea. Nikauweka mbali kidogo, nikapunga kwa kiganja.

Petroli.

Kwanza nilidhani mtu amesafishia mikono karibu. Nikanusa tena. Wakati huo huo Ezekieli akaingia kutafuta sukari, mwenye furaha. "Mzee Simiyu, hayo makaa yenu ni dawa kweli," akasema. "Unajua stoo yangu ilivyonuka, petroli na mafuta ya taa, nikitoka humo kichwa kinaniuma? Tangu muweke magunia yenu, harufu hakuna! Imeisha kabisa. Mniachie hata gunia moja, si mnayo mengi."

Nilimtazama. Hata mimi nilikuwa nimeingia stoo ile na kufurahi kwamba hainuki. Wote tulifurahi.

"Ezekieli," nikasema, "hiyo harufu imeenda wapi?"

Akacheka. Kisha akaona uso wangu akaacha.

Nilimkuta Daktari mlangoni, mtego mkononi mwangu, nikaanza kumweleza. Sikuhitaji kumaliza. Alinusa, akaweka kikombe chini. "Namba yetu ni ya kweli," akasema polepole, "lakini ni ya makaa tuliyoyafagia kwanza. Yale ya kwenye mikebe hakuna aliyeyafagia." Ukuta ulikuwa umekwisha kusiribwa kwa petroli. Gesi ikifika ingekuta hakuna mahali pa kukaa, ingepita moja kwa moja hadi kwenye kifua cha ndugu yangu.

Simu ya Bungoma ilikuwa imekufa tangu jana, mvua imeangusha nguzo. Daktari alikimbia stesheni kujaribu waya wa reli. Fundi Lalji alichukua ufunguo wa pikapu yake. Niseme tu kwamba ujumbe wa Daktari ulifika, kwa njia ya mbali ya Eldoret, sisi tukiwa tayari tunakunywa chai Bungoma.

Mvua ilitukuta kabla ya Kiminini. Njia ile mnaijua. Siku hizo ilikuwa mbaya zaidi. Tulikwenda kwa kuteleza, pikapu ikitazama shamba hili na shamba lile, Fundi ameng'ang'ania usukani. Niliilaani mvua ile kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, na kwa Kizungu nilichojifunza kwa madereva wa matrekta. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada. Nilikuwa nawaza nitamwambia mama nini, na mama wakati huo alikuwa bado hai, ameketi Kimilili akinijua mimi kama mtoto wake mwenye akili.

Upande huu wa Kamukuywa tukazama hadi ekseli. Nilishuka nikasukuma nikaanguka. Mkulima mmoja alikuwa anarudi na ng'ombe zake wa jembe, amejifunika gunia kichwani.

"Mnaenda wapi na mvua hii? Ati haraka gani?"

"Bungoma. Ndugu yangu atakufa."

Hakuuliza anaumwa nini. Alifungua ng'ombe kwenye jembe, akafunga mnyororo kwenye pikapu, akawapigia mluzi. Tulipotoka nilitaka kumshukuru, akanipungia tu mkono. "Endeni, endeni! Asante utanipa ukirudi." Nilirudi baadaye kumtafuta nikampata, na hadi leo tunaitana shemeji bila sababu yoyote ya ukoo.

Tulifika Bungoma mchana, mvua ikipiga mabati hata hamsikilizani. Uwanja wa ghala haukuwa na mtu. Mlango mkubwa umefungwa. Kando ya mlango kuna msumari, na kwenye msumari kuna kofia ya kahawia yenye unyoya wa kanga.

Niliijua kofia ile. Niliinunua mimi, kwa Krismasi.

Nilikimbia. Sikumbuki kuamua, nakumbuka tu mlango unakuja. Fundi Lalji alinishika koti kwa nyuma kwa mikono yake yote miwili, mtu mwembamba vile, sijui nguvu alitoa wapi.

"Simiyu! Ukiingia mtakuwa wawili!"

"Niache! Niache Fundi, ni Wekesa!"

"Najua ni nani! Ngoja!"

Nilimpiga kiwiko. Hakuniachia. Nikalia, mbele ya ghala la mahindi, mtu mzima mwenye watoto. Niliita jina lake kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na mvua ikaimeza. Tulisimama hivyo, yeye kanishika, mimi nalia. Kisha mvua ikapungua kidogo, kama inavyofanya kabla ya kuisha, na mabati yakanyamaza.

Nikasikia.

Ilitoka upande wa baraza, nyuma ya lundo la magunia matupu. Ilipanda, ikakwama, ikakatika, ikaanza tena. Fundi aliniangalia akidhani ni mashini. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Sauti ile ilinikosesha usingizi miaka mingi, na singeichanganya na kitu kingine chochote duniani.

Nilizunguka magunia nikamkuta amelala chali, mdomo wazi, barakoa iko kifuani pake kama kitoto. Nilimpiga kofi. Nikampiga la pili. Kisha nikamkumbatia hadi akakohoa.

"We Simiyu!" akasema. "Umetoka Kitale na matope yote haya kuja kuniamsha tu? Hata hapa?"

Nyapara Barasa alitoka ofisini kwake na kikombe cha chai. Nikamuuliza kofia inafanya nini msumarini kama mtu yuko nje. "Huyo mvivu ameitundika asubuhi akijiandaa kuingia," akasema. "Mvua ikaanza. Mimi bila upepo sifungui ghala, gesi italala chini, itakaa hapo uwanjani na sisi. Nikawaambia wangoje. Wenzake wakachukua kofia zao. Yeye akasema kutundika mara mbili ni kazi."

Basi ile mvua niliyoilaani njia nzima kwa lugha tatu ndiyo iliyomlaza usingizi. Nilitoka nje nikasimama chini yake bila kofia nikaomba radhi. Fundi Lalji aliniangalia kutoka barazani, akisugua mbavu pale nilipompiga kiwiko.

Tuliwaeleza. Fundi alimpa Wekesa mkebe avute pumzi kupitia kwake. Akakunja uso. "Hata asubuhi nilisikia kitu kama harufu ya lori. Nikadhani ni raba mpya." Barasa aliikusanya mikebe yote mwenyewe, akaihesabu mara mbili, akaipakia kwenye pikapu kama anayepakia nyoka. Kisha tukanywa chai, na ndipo ule ujumbe wa Daktari ukaletwa mbio na karani wa stesheni, umelowa. Tulicheka hadi karani akakasirika.

Makaa tuliyarudisha tanurini, tukayafukuza petroli yote kwa mvuke, tukayafunga kwenye madebe ya bati na kuziba midomo kwa nta siku hiyo hiyo. Tangu hapo nilibadilisha kidogo namna ya kupima, na hili ndilo nataka mbaki nalo hata mkisahau mengine. Pima uzito wa unga kama ulivyokuja, kabla hujaufagia. Upime tena baada ya kuufagia. Tofauti hiyo ndiyo itakayokwambia ndani mlikuwa na nani. Namba ya eneo inakuambia nyumba ni kubwa kiasi gani. Haikuambii kama ina wapangaji. Na mtego usiuoshe kabla hujaunusa, kwa kiganja, kama Fundi alivyosema. Marehemu Fundi alinitunzia pua yangu siku ya kwanza, na pua hiyo ikamtunza ndugu yangu. Sikupata kumlipa, na angenifokea kama ningejaribu.

Ghala lilifunguliwa juma lililofuata, siku yenye jua na upepo. Niliomba ruhusa nikaenda. Wekesa alitundika kofia yake, akanikonyeza, akavaa barakoa, akaingia. Nilisimama nikitazama msumari. Dirisha la kwanza likafunguka, la pili, la tatu, kisha mkono wake ukatokea pembeni ya mlango ukaichukua kofia. Hapo ndipo nilipoketi kwenye udongo.

Sasa na yeye amestaafu. Amejenga ng'ambo ya kijito, na kila mchana akimaliza chakula kwake anakuja kumalizia usingizi kwangu. Hivi ninavyoandika yuko kwenye kiti changu, mdomo wazi, na kuku wamehama upande ule wa nyumba. Mke wangu ametoka jikoni mara ya pili, ananiita kwa jina la binti yetu.

"Baba Nekesa, si umwamshe? Hata redio siisikii."

Nimemwambia azime redio.